Pai za sikukuu kwa hela ya kawaida, Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Krismasi ikikaribia, Idi ikikaribia, hata msimu wa jando na unyago ukifika, maswali yanayotufikia ni yale yale. Majibu haya ni ya mtu anayepikia wageni kumi au ishirini, ana jiko la mkaa au mtungi wa gesi, na haoni sababu ya kununua tofaa za kutoka nje ili tu pai iitwe pai.

Tuseme mapema tunakosimama: kwenye pai, hela inaliwa na ganda, yaani unga wa ngano na mafuta. Cha kuweka ndani, kusini hatujakosa. Ndiyo maana majibu mengi hapa yanarudi kwenye kulipunguza ganda.

Pai ni nini hasa? Bibi yangu anasema ni sambusa iliyokosa adabu.

Bibi hajakosea sana. Zote mbili ni kitu kilichofungwa ndani ya unga. Ila sambusa unaikunja moja moja, unaikaanga, mtu anaila mkononi. Pai unaipanga mara moja kwenye sinia au bati, unaioka, kisha unaikata vipande. Kwa mwenye wageni wengi faida iko hapo: huhitaji karai la mafuta, wala huhitaji watu wawili wa kukunja manda tangu alfajiri. Sinia moja la upana wa sentimita 25 linalisha watu wanane, na kumi kama kuna pilau pembeni.

Nimefuata maelekezo ya mtandaoni neno kwa neno. Unga ukayeyuka, ukanatia kwenye kibao. Kwa nini?

Kwa sababu maelekezo mengi yameandikwa na watu wenye baridi. Wanasema siagi iwe ya baridi, maji ya baridi, donge lilale kwenye friji nusu saa. Siagi hiyo inatakiwa ibaki vipande vipande ndani ya unga mpaka iingie kwenye moto. Vile vipande vikiyeyukia tanurini, ganda linakuwa na matabaka. Sasa Desemba ya Mtwara, saa saba mchana, siagi imeshayeyuka kabla hujamaliza kuchekecha unga. Hata ukiwa na friji, ukilitoa donge kulisukuma, joto linalipata kwenye kibao.

Achana na njia hiyo. Ipo nyingine ya Waingereza wenyewe, ya zamani, inayotumia maji ya moto. Joto letu haliidhuru, na haihitaji siagi wala friji.

Haya, huo unga wa maji ya moto unafanywaje?

Chukua unga wa ngano nusu kilo na chumvi kijiko kimoja cha chai, weka kwenye bakuli pana. Kwenye sufuria chemsha maji mililita 200 pamoja na mafuta ya kula mililita 150. Yakianza kutokota, mimina yote kwa mpigo kwenye unga na ukoroge kwa mwiko, maana mkono hautastahimili. Yakipoa kidogo, kanda dakika mbili tatu tu mpaka donge liwe laini, linang'aa kwa mafuta. Ukikanda sana kama wa chapati litakuwa gumu likiiva.

Lisukume likiwa bado vuguvugu. Likipoa kabisa linaanza kukatika kingo, kwa hiyo kata sehemu unayoitaka na nyingine ifunike kwa kitambaa. Likipasuka, ziba ufa kwa kidole na kipande cha unga. Ikiiva hakuna atakayejua.

Kama nazi ni zako mwenyewe, badala ya maji tumia tui zito, lile la kwanza kutoka kwenye kifumbu, na upunguze mafuta yawe mililita 100. Ganda litakuwa la kumumunyika na lenye harufu ya nazi. Kama nazi unanunua, usihangaike. Mafuta ya kupima ya dukani yanatosha.

Jambo moja kwa wenye wageni Waislamu, na huku hao ni wengi: mapishi ya Kiingereza ya unga huu huandikwa na mafuta ya nguruwe. Ukikuta neno hilo usiruke mapishi yote. Mafuta ya alizeti, ya ufuta, au ya mgando yanayotokana na mimea yanafanya kazi ile ile.

Sina oveni. Ndiyo mwisho?

Hapana, palia moto. Anayejua kupika mkate wa kumimina tayari anajua kuoka pai.

Chukua sufuria kubwa na nene, weka mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha sentimita mbili hivi, funika, ulipashe moto dakika kumi. Weka bati la pai juu ya mchanga. Funika kwa mfuniko bapa wa bati au sinia kuukuu, kisha makaa juu. Moto wa juu uzidi wa chini. Chini unahitaji makaa machache ya kulipa ganda nguvu, juu ndiko rangi inakotoka. Pai yenye vitu vilivyokwisha kuiva ndani huchukua dakika 40 mpaka 50. Usifunue kila dakika tano. Kila ukifunua joto linatoka na majivu yanaingia.

Wenye mtungi wa gesi, moto wenu uko chini tu, kwa hiyo uso wa pai utabaki mweupe hata chini kukiungua. Fanyeni mchanga vilevile, na makaa machache juu ya mfuniko. Kichekesho ni kwamba gesi ya Mnazi Bay, hapa hapa Mtwara, iligunduliwa tangu 1982, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam likazinduliwa 2015, lakini jikoni kwetu bado tunapulizia mkaa. Basi tuupulizie vizuri.

Nawezaje kupunguza gharama ya ganda?

Njia ya kwanza, na ndiyo tunayoisisitiza kuliko zote: weka ganda juu peke yake. Panga mchanganyiko wako moja kwa moja kwenye bati lililopakwa mafuta, ufunike kwa unga, ubane kingo kwa uma. Umetumia nusu ya unga na nusu ya mafuta, na hakuna ganda la chini la kubaki bichi, tatizo ambalo ndilo kubwa la pai za mkaa. Wageni wanachota kwa mwiko badala ya kukata. Mama mkwe asiyependa pai isiyo na chini, mpikie yake ndogo.

Njia ya pili ni kuchanganya unga wa muhogo. Kwa kila sehemu tatu za ngano weka moja ya muhogo. Zaidi ya hapo ganda litapasuka kila ukilinyanyua, maana muhogo hauna ule mnato wa ngano. Hata kwa kiasi hicho, ni bora ulibonyeze kwa vidole kwenye bati kuliko kulisukuma.

Njia ya tatu ni kutotumia unga kabisa, na kufunika kwa muhogo uliopondwa. Waingereza hufunika nyama kwa viazi vilivyopondwa, na wanaiita pai bila aibu. Chemsha muhogo mtamu mpaka upasuke, toa ule uzi wa katikati, uponde ukiwa wa moto pamoja na tui na chumvi. Usingoje upoe, utavutika na kukataa kusambaa. Tandaza juu, chora mistari kwa uma ili ncha zikauke na kushika rangi, nyunyiza ufuta. Bati lenye paa la muhogo huwa tunaliona likiisha kabla ya lenye paa la ngano.

Muhogo wowote unafaa?

La, na hapa tafadhali soma polepole. Muhogo mchungu una sumu aina ya sayanidi. Wazee waliuloweka, wakauanika na kufanya makopa kwa sababu hiyo, si kwa mapenzi ya kazi. Muhogo mchungu mbichi usiukune ukautia kwenye pai, na kuuchemsha mara moja hakutoshi. Tumia muhogo mtamu, ununue kwa mtu anayeijua mbegu yake shambani, umenye ganda lote la ndani na la nje, uive hasa. Ukionja kipande kikawa kichungu, mwaga. Unga nao uwe wa makopa yaliyoandaliwa vizuri.

Pai gani ni ya bei nafuu kuliko zote?

Ya mbaazi, hasa ukiwa na za kwenu. Mbaazi huku huvunwa kuanzia Julai mpaka Septemba hivi, zikikauka zinakaa ghalani, na Desemba bado zipo. Nusu kilo kavu ikiiva huongezeka karibu mara mbili, na hiyo inajaza bati la watu wanane.

Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha mpaka ukibonyeza moja kwa vidole iwe uji. Kaanga kitunguu, kitunguu saumu, binzari ya manjano na pilipili, tia mbaazi, kisha tui zito. Halafu fanya ambalo wengi hawalifanyi: acha tui likauke mpaka mwiko ukipita uone chini ya sufuria, na hiyo njia isijifunge upesi. Mbaazi za kulia chapati huwa na mchuzi. Za pai zisiwe nao, kwa sababu mchuzi unapanda kama mvuke na kulilainisha ganda kutoka ndani. Ziache zipoe kabla hujafunika. Toboa matundu matatu manne juu.

Kwa rangi, si lazima yai. Chai ya maziwa yenye sukari, iliyopoa, ukipaka kwa kitambaa inafanya kazi.

Na ya pweza? Nimeonjeshwa Mikindani sijaisahau.

Ya pweza ndiyo ya kujivunia, na inaweza isiwe ghali ukijua siku ya kwenda sokoni. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupwa mbali, miamba inabaki wazi, na akina mama na vijana hushuka na mikuki. Siku hizo pweza ni wengi na bei inashuka. Maji mafu yakiingia, wanapungua na bei inapanda. Basi tazama mwezi. Ukimpata mapema, mhifadhi kwenye friji ya kugandisha ya jirani. Kugandishwa kunamlainisha pweza, kazi ambayo vinginevyo ungeifanya kwa kumpigapiga.

Pweza hupungua karibu nusu akiiva, hivyo kilo moja usiihesabu kama kilo. Mchemshe kwa maji yake mwenyewe, moto mdogo, dakika 45 mpaka saa nzima, bila chumvi. Chumvi anayo ya baharini. Ncha ya kisu ikipenya kwenye unene wa mkono bila kuvutana, ameiva. Kata vipande vidogo kuliko unavyokata kwa mchuzi, kama punje ya korosho, kwa sababu kipande kikubwa kitavutwa na meno kikabomoa kipande chote cha pai.

Kisha mwongeze wingi: kwa kilo moja ya pweza weka kilo moja ya muhogo mtamu uliochemshwa na kukatwa vipande, nyanya mbili, kitunguu, ndimu, pilipili manga, na lile supu lake kidogo. Supu linalobaki usilimwage. Lipashe, tia ndimu na pilipili, uwape wageni wanaofika mapema wakisubiri.

Tuko kwenye mkoa wa korosho, lakini korosho zenyewe hatuziwezi bei. Pai ya korosho ni ndoto?

Si ndoto, ila usinunue korosho nzima. Nzima nyeupe ni za maonyesho. Ndani ya pai zinavunjwa tu, kwa hiyo tafuta vipande kwa wabanguaji wadogo, vinauzwa chini zaidi. Na usiipike kwa korosho tupu. Nusu korosho, nusu karanga zilizokaangwa, hakuna ulimi utakaolalamika.

Asili yake ni pai ya kusini mwa Marekani wanayoipika kwa njugu zao ziitwazo pekani na shira ya mahindi. Sisi tunatumia sukari guru. Yeyusha gramu 150 za sukari guru kwa nusu kikombe cha tui zito, ipoe, piga mayai matatu humo, tia chumvi chembe na iliki. Tandaza gramu 200 za korosho na karanga kwenye ganda la chini peke yake (hii haifunikwi), mimina rojo, palia moto. Kingo zikishika na katikati bado panatikisika kidogo, toa. Itaendelea kushika ikipoa. Ukingoja katikati pakauke, utapata kitu cha kutafunwa kwa dakika nzima.

Onyo: usijaribu kubangua korosho ghafi jikoni kwa kisu ili kuokoa hela. Ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi, na moshi wake ukichomwa ovyo unaumiza macho na kifua. Waachie wanaoijua hiyo kazi.

Mabibo yanaoza chini ya mikorosho. Yanaweza kuwa pai?

Yanaweza, na bei yake ni kuinama tu kuokota. Shida zake ni mbili. Kwanza, bibo halikai. La asubuhi likifika jioni limeanza kuchacha, ndiyo maana watu wengi wanalijua kwenye uraka tu, yaani pombe ya mabibo. Okota asubuhi, pika asubuhi. Pili ni ule ukakasi wa kukaba koo. Katakata mabibo yaliyoiva, yachemshe dakika kumi kwenye maji yenye chumvi kijiko kimoja cha chakula kwa lita, mwaga maji hayo, kamua kwa mikono. Ukakasi mwingi unaondoka nayo.

Yanayobaki yapike na sukari (kikombe kimoja kwa vikombe vitatu vya mabibo), ndimu moja na vijiti viwili vya mdalasini mpaka yawe mazito na rangi ya asali iliyokolea. Kwenye pai yanafanana na tofaa zilizopikwa, ila yana harufu ya porini ambayo tofaa hazina. Msimu ni ule ule wa korosho, Oktoba mpaka Desemba, kwa hiyo Krismasi huenda ukayapata ya mwisho mwisho tu. Yapike rojo mapema, uhifadhi kwenye chupa iliyochemshwa, ndani ya friji.

Nina ukwaju, mayai matatu na sukari. Basi. Kuna pai?

Ipo, na ina ukoo. Marekani wakati wa ufukara, waliokosa ndimu walipika pai ya siki: sukari, mayai, unga kidogo, na siki ya kuleta uchachu. Ukwaju unaifanya kazi hiyo vizuri kuliko siki, maana una ladha yake.

Loweka gramu 150 za ukwaju kwenye vikombe viwili vya maji ya moto, vuruga, chuja kokwa na nyuzi. Weka sukari kikombe kimoja na unga wa ngano vijiko vitatu vya chakula, koroga usiwe na madonge, bandika moto mdogo mpaka liwe kama uji mzito. Epua. Piga mayai pembeni, chota rojo la moto kidogo kidogo umimine kwenye mayai huku unapiga, ndipo urudishe yote kwenye sufuria. Ukitia mayai moja kwa moja utapata mayai ya kuvuruga yenye ukwaju. Rudisha motoni dakika tatu, mimina kwenye ganda lililokwisha kuokwa, liache lipoe kabisa. Linakatika vizuri likilala mahali pa baridi. Watoto watauliza ni ubuyu au ni nini, waache wakisie.

Idi ikiangukia masika, hakuna embe wala bibo. Nipike nini?

Idi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo miaka hii Idi el-Fitri inaangukia Machi, huku kwetu mvua bado inanyesha. Shambani kuna boga. Wamarekani huliweka boga kwenye pai siku yao ya shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, wakitumia maziwa. Wewe tumia tui.

Lipike boga kwa mvuke, si kwa maji, kisha liweke kwenye chujio lidondoke. Vikombe viwili vya boga lililopondwa, kikombe kimoja cha tui zito, mayai mawili, sukari robo tatu ya kikombe, iliki, mdalasini. Oka kwenye ganda la chini mpaka lishike.

Ni kweli kuna pai ambayo vichwa vya samaki vinachungulia nje?

Kweli kabisa. Iko kijiji cha Mousehole, Cornwall, Uingereza, inaliwa tarehe 23 Desemba. Saladini hupangwa vichwa vikitokeza kwenye ganda vinatazama juu, na wenyewe husema mafuta ya vichwa yanarudi ndani ya pai. Ukitaka kuwashangaza wageni kwa vibua vya Shangani ya Mtwara, karibu. Toa tu matumbo na matamvua kwanza, na wenye watoto waoga wawaonye.

Naenda nayo Newala kwa basi. Itafika?

Ya mabibo itafika. Ya mbaazi na ya korosho nazo hazibomoki njiani, ila zina tui, kwa hiyo zibebe tu kama safari haizidi saa mbili. Iache kwenye bati lake, ipoe kabisa, ifunge kwa kanga, uipakate. Ya ukwaju usisafiri nayo.

Inaweza kulala mpaka kesho?

Inategemea ndani kuna nini. Yenye tui, pweza, samaki au mayai, kwa joto letu, isikae nje zaidi ya saa mbili. Tui huchacha na samaki haharibiki kwa kelele. Ikibaki, iingie kwenye friji, iliwe kesho yake, na ya pweza au mbaazi ipashwe mpaka katikati patoe mvuke. Huna friji? Pika mbili ndogo badala ya moja kubwa, ya pili uiandae na kuipalia moto wageni wa jioni wakikaribia kufika. Ya mabibo au ya embe bichi, isiyo na tui wala yai, inalala usiku mmoja mahali pakavu bila shida, mradi iwe imefunikwa na sisimizi wasiijue. Miguu ya meza ndani ya vikopo vya maji bado ndiyo dawa.